Barua ya wazi kwa wenye dhamana mkoani Tanga: wawekezaji tunao tangu 1893, sisi tumeandikwa wapi?

Kwa Waheshimiwa wote wenye dhamana ya ardhi, maji, kazi na viwanda,
Mkoa wa Tanga.

YAH: MADHARA YA SHAMBA LA MKONGE NA KIWANDA CHAKE KWA KAYA ZA KIJIJI CHETU

Waheshimiwa,

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Barua hii si ya kwanza. Zilizotangulia zilifuata njia inayotakiwa: zilianzia kwa mwenyekiti wa kijiji, zikagongwa muhuri kwa mtendaji, zikapita kata, zikapanda wilayani. Tulipofuatilia tuliambiwa jalada liko kwa afisa ambaye yuko safarini. Afisa aliporudi, jalada lilikuwa limehamia ofisi nyingine. Hatujaandamana, hatujafunga barabara, wala hakuna mkonge wa mtu uliochomwa moto. Tumeona sasa tuandike mahali ambapo kila mwenye macho atasoma.

Jina la kampuni silitaji. Mnalijua, limo katika kila barua mliyonayo. Wenye mali ni wageni na wanakaa nje. Meneja tuliyenaye tukimuuliza jambo lenye uzito anajibu kwamba mpaka wakubwa huko waamue. Hao wakubwa hatujawahi kuwaona hata kwa picha. Sina ugomvi na mgeni kwa sababu ya ugeni wake. Tanga ni mji wa bandari, wageni tumewazoea.

Kabla ya hoja, naomba nikumbushe historia kidogo, maana kila mkutano wa hadhara tunaambiwa kwamba umaskini wa vijijini utapungua akija mwekezaji. Waheshimiwa, huku kwetu hakuna anayemsubiri. Mkonge uliletwa mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf. Miche iliyofika ikiwa hai ilikuwa 62, ikapandwa Kikogwe, Pangani. Mwaka huo huo reli ilianza kujengwa kutoka Tanga kwenda bara. Baada ya Wajerumani wakaja Waingereza, Wagiriki na Wahindi. Mwaka 1964 uzalishaji ulifika tani 230,000 hivi, na hakuna nchi duniani iliyotupita kwa mkonge. Mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha, mashamba mengi yakataifishwa. Nailoni ikaua soko. Miaka ya 1990 yakabinafsishwa. Leo mkonge unatafutwa tena na mabeli, yaani marobota ya nyuzi zake, yanashuka kwenda bandarini. Katika misukosuko yote hiyo ya zaidi ya miaka 130, ukanda huu haujawahi kukosa mwenye shamba. Tulichokosa ni karatasi hata moja inayomtaja mwanakijiji kama mtu mwenye haki yake, si nguvu kazi ya mwenzake. Yote ninayoyalalamikia hapa chini yanatokana na hilo.

1. Ardhi

Shamba limetuzunguka pande tatu, upande wa nne ni mto. Hati ya kwanza ilitolewa enzi za mkoloni, na tangu hapo imerithishwa, imeuzwa, imebadilishwa majina, na mipaka imebaki ile ile huku sisi tukizaana. Wengi wa kijiji chetu ni wajukuu wa manamba, wale walioletwa na SILABU, ofisi ya wenye mashamba ya mkonge ya kuandikisha vibarua, kutoka Kigoma, Songea, Njombe na kwingineko ili waje kukata mkonge. Babu zao walipewa kipande, yaani kadi ya kuhesabia siku za kazi, na chumba kambini, hawakupewa kiwanja. Shamba lilipodorora, kambi zikabaki na watu wake, na watu hao hawana kwao kwa kurudi. Wabondei na Wazigua wenye asili ya hapa nao mashamba ya wazee wao yalishamezwa zamani. Leo sote tumebanana katika kipande kimoja, na kesi za mipaka kati ya ndugu kwa ndugu zimejaa baraza la kata.

Sasa sikilizeni: sehemu kubwa ya shamba hilo haina mkonge. Ni pori. Ndani yake wanakaa nguruwe pori na nyani ambao usiku na mchana wanatoka kuja kula mihogo yetu, kisha wanarudi kwenye ardhi yenye hati, ambako hatuna ruhusa ya kuwafuata. Mama mjane anayekodi robo eka ili alishe watoto analala shambani akipiga debe kulinda mahindi dhidi ya wanyama wa mwekezaji. Nawaita wa mwekezaji makusudi. Akikamatwa mtoto anaokota kuni humo, anaambiwa kila kilichomo ni mali ya kampuni. Basi na nguruwe wawe wake.

Kuna mahali tunaruhusiwa kulima: kwenye mkonge mchanga, ambao huchukua karibu miaka mitatu kabla ya kukatwa mara ya kwanza. Tunapanda maharage katikati ya mistari kwa sharti la kuupalilia mkonge bila malipo. Mkonge ukishasimama tunaondolewa, tunasogezwa kwenye kitalu kingine, kwa sharti lile lile. Kampuni huandika hiyo kuwa ni huduma kwa jamii. Sisi tunaona ni palizi ya bure.

Sheria iko wazi. Sheria ya Ardhi, Na. 4 ya mwaka 1999, haimpi ardhi asiye raia isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji, na hati inakuwa na masharti ya uendelezaji. Masharti yakivunjwa, Rais ana mamlaka ya kuifuta. Katika mkoa huu huu Serikali imewahi kufuta hati za mashamba ya mkonge yaliyotelekezwa. Kwa hiyo hatuombi kitu ambacho hakijawahi kufanyika. Tuliomba tu kuiona hati, masharti yake na ramani. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa mwenye taarifa siku 30 za kujibu. Jibu halijaja, na mvua za vuli zimepita na za masika zimepita.

2. Mto

Hapa naomba msome taratibu.

Katika jani la mkonge, nyuzi hazifiki asilimia 5 ya uzito wake. Yote yanayobaki ni maji na makapi. Korona, yaani mashine ya kiwandani inayosaga majani ili kutoa nyuzi, hutumia maji mengi kusukuma uchafu huo, na kwetu uchafu wote unashuka kwa mfereji wa wazi hadi mtoni. Korona ikiwa inafanya kazi, maji ya mto yanakuwa ya kijani yenye povu hadi kufika mchana. Jioni yanakuwa ya kahawia na yananuka kama kitu kilichooza ndani ya debe. Utomvu wa mkonge una asidi, unawasha. Mwanamke akifulia hapo mikono inamtoka malengelenge. Kambale, ambaye ndiye alikuwa kitoweo cha mwenye nyumba asiye na shilingi, amehama au amekufa, sijui nisemeje.

Wenye uwezo wananunua maji ya bodaboda, dumu kwa dumu. Wengine wanaamka saa nane au saa tisa usiku kwenda kuteka kabla korona haijawashwa, maana usiku mto unajisafisha kidogo. Ndiyo ratiba ya kina mama wa kijiji chetu: inapangwa na king'ora cha kiwanda ambacho si chao. Binti wa darasa la sita akishateka maji saa tisa, mwalimu asishangae akimkuta amelala juu ya daftari.

Na sasa nifike kwenye jambo lililotuuma kuliko yote. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Ni sheria nzuri, siipingi. Ilipokuja kutekelezwa kwetu, maofisa walikuja na gari na utepe wa kupimia. Wakapima. Matuta ya mchicha, bamia na nyanya ya kina mama, yaliyokuwa ndani ya hizo mita 60, yakang'olewa mbele yao. Kikundi kile kilikuwa na mkopo wa mbegu ambao bado wanaulipa. Maofisa wale wakiwa na utepe wao walivuka mfereji wa kiwanda kwa kukanyaga ubao, mmoja akiwa ameziba pua kwa leso, wakaendelea na safari. Mchicha uko mita 40 kutoka mtoni, umeng'olewa. Mfereji unaingia mtoni wenyewe, mita sifuri, upo mpaka leo.

Tukisema hivi tunajibiwa kuwa teknolojia ya kusafisha maji ya mkonge ni ghali. Waheshimiwa, pale Hale, wilayani Korogwe, ndani ya mkoa wetu, karibu miaka ishirini iliyopita ulijengwa mtambo wa kugeuza mabaki ya mkonge kuwa gesi na umeme. Watu walitoka nchi za mbali kuja kuutazama. Sisemi kila kiwanda kijenge mtambo kama huo kesho asubuhi. Nasema hata mabwawa matatu ya kutuamishia maji machafu kabla hayajafika mtoni, ambayo ni kazi ya kuchimba ardhi tu, hayajachimbwa, na ardhi ya kuchimba imejaa pori kama nilivyokwisha kueleza.

3. Kazi

Mkata mkonge anatoka kwake na umande, makatambuga ya tairi miguuni, gunia kiunoni. Anakata majani ya chini, anaondoa mwiba wa ncha, anafunga majani thelathini thelathini, anabeba mizigo hadi kando ya barabara na kuipanga. Hapo anasubiri kupimiwa. Malipo ni kwa mita. Mnyapara anafika saa anayotaka akiwa na ufito wake, anaupiga rundo teke, rundo linanywea, na mita moja inaandikwa robo tatu. Ukibisha unaambiwa umepanga kwa ujanja. Ufito ule hakuna aliyewahi kuulinganisha na mita ya fundi cherehani, na mkataji akija na utepe wake anaitwa mkorofi, kesho hapewi mstari.

Karibu wote ni vibarua. Wanaandikwa miezi michache, wanasimamishwa wiki mbili, wanaandikwa upya kama wageni. Waanikaji wa singa, yaani nyuzi za mkonge, ambao wengi ni wanawake, ndivyo hivyo hivyo. Sababu ya mchezo huu inajulikana: ili asiwepo mwenye likizo, mwenye uzazi wa kulipwa, wala mwenye mchango wa kutosha kwenye mfuko wa hifadhi ya jamii. Lakini Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 ililiona hilo: mtu akifanya kazi kwa mwajiri yule yule zaidi ya mara moja ndani ya mwaka, na vipindi hivyo vikijumlishwa vikazidi miezi sita, anastahili likizo ya malipo. Wapo waliokata mkonge hapo tangu wakiwa vijana na hawajawahi kuonja likizo.

Kijana wa jirani yangu alichomwa jicho na mwiba wa mkonge akiwa anafunga mzigo. Jicho halikupona. Alipodai fidia, jina lake halikuonekana kwenye orodha ya siku ile. Eti hakuwa kazini. Walioshuhudia wako tayari kusema, lakini nao ni vibarua, na mwezi ujao wanategemea kuandikwa. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ipo tangu 2008. Mtu atadaije kama daftari la mahudhurio analo mdaiwa?

4. Misaada na ushuru

Hili nitalipitisha haraka. Kampuni ilitoa madawati na bati za darasa moja, tukapiga picha, tukashukuru, na tunashukuru bado. Tatizo ni kwamba tangu siku ile kila malalamiko yetu yanajibiwa kwa yale madawati. Halmashauri kwa upande wake hukusanya ushuru wa huduma, asilimia ndogo ya mauzo ya kampuni kwa mujibu wa Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa. Ni fedha halali. Tunachouliza ni kiasi gani kimepatikana kutokana na shamba linalotuzunguka na kiasi gani kimerudi kijijini. Zahanati yetu boma lake lilijengwa kwa nguvu za wananchi likaishia kwenye lenta, na miti imeota ndani.

Najua majibu mtakayopewa na wasaidizi wenu, kwa hiyo niyajibu kabisa.

Mtaambiwa tunataka kumfukuza mwekezaji. Si kweli, na aliyesema hivyo ajue kwamba kiwanda kikifungwa wa kwanza kulala njaa ni sisi. Tuliona shamba lilipokufa. Wazee walikuwa wanauza mabati ya kambi ili wale. Tunataka kiwanda kifanye kazi na mto uwe safi. Mambo hayo mawili yanawezekana kwa pamoja, isipokuwa kwa mtu asiyetaka kutoa senti.

Mtaambiwa soko la dunia halitabiriki, kwa hiyo mishahara na mabwawa vingoje. Bei ilipokuwa chini tuliambiwa tuvumilie kwa sababu iko chini. Sasa ipo juu, na tunaambiwa tuvumilie kwa sababu inaweza kushuka. Tungependa kujua bei ikiwa wapi ndipo uvumilivu wetu unakoma.

Mtaambiwa tumetumwa na wanasiasa. Uchaguzi huja na kwenda, korona haijawahi kusimama kwa ajili ya uchaguzi. Na mtaambiwa suala letu "liko kwenye mchakato". Basi tuambiwe mchakato huo uko kwenye meza ya nani.

Lipo moja linalosemwa kwa sauti ya chini, nami nalisema kwa sauti ya juu: kwamba watu wa pwani ni wavivu, ndiyo maana maskini. Anayeamini hivyo aje asimame kando ya barabara ya shamba saa kumi na moja alfajiri awahesabu wanaopita na mapanga.

Kwa hiyo tunaomba yafuatayo:

(a) Hati ya shamba, masharti yake na ramani visomwe mbele ya Mkutano Mkuu wa Kijiji, na nakala ibaki ofisi ya kijiji. Wapimaji wapite wabainishe sehemu isiyoendelezwa. Ikithibitika kuwa masharti yamevunjwa, utaratibu wa kisheria wa kuirejesha sehemu hiyo uanze, na itakaporejeshwa wagawiwe kwanza wakazi wasio na ardhi, wakiwemo watoto wa manamba na wajane. Hili tunalisisitiza kwa sababu tumeona kwingine ardhi iliyorejeshwa ikiishia kwa vigogo wenye shamba mjini.

(b) Maji ya mto yapimwe korona ikiwa inafanya kazi, bila kampuni kupewa taarifa mapema, wawakilishi wa kijiji wakiwepo. Majibu yabandikwe kwenye mbao za matangazo. Kibali cha kutiririsha majitaka kionyeshwe. Kama hakipo, mfereji uzibwe hadi mabwawa yachimbwe. Wakati huo wote kampuni ituletee maji kwa gari.

(c) Ofisa kazi aje shambani siku ya kazi, siyo siku ya ugeni rasmi. Ufito wa mnyapara upimwe na wakala wa vipimo. Mahudhurio ya vibarua yaandikwe mara mbili, nakala moja abaki nayo mfanyakazi. Suala la kijana aliyepoteza jicho lifunguliwe upya.

(d) Makubaliano yoyote mapya kati ya Serikali na kampuni kuhusu shamba hili yawe na kijiji kama mmoja wa watia saini. Tukitoka patupu kwenye mengine yote, hili tusilikose.

Mkutano Mkuu wa Kijiji wa robo mwaka unaofuata utafanyika chini ya mwembe ulio mbele ya ofisi ya kijiji, na ajenda ni hizi nne. Mnakaribishwa kwa heshima zote. Viti vipo, na maji ya kunywa tutayanunua. Tunachoomba mje nacho ni ramani ya shamba, na mtu mwenye mamlaka ya kuijibia.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mkazi wa kijiji, kwa niaba ya kaya zilizotia saini katika barua zilizotangulia,
Ukanda wa mkonge, Mkoa wa Tanga.

Nakala: Mbunge wetu, Diwani wa kata, meneja wa shamba, ubao wa matangazo, ofisi ya kijiji.